Grogan alileta samaki kwa starehe, mafundi wa nyoya wakapata kazi

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

UKIMCHINJA jogoo wa kienyeji pale Mzinga, nje kidogo ya mji wa Morogoro, nyama inakwenda jikoni, utumbo wanapewa mbwa, na manyoya yanaishia jalalani. Hakuna anayeyahesabu. Lakini kwa jirani zetu Kenya wapo watu, wengi wao akina mama, ambao riziki yao ni kuchukua nyoya la shingo la jogoo, kulizungusha kwenye ndoano ndogo kuliko punje ya mahindi, na kazi hiyo kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani.

Kitu wanachotengeneza kinaitwa nzi bandia. Ni chambo cha kuvulia trauti, samaki wa maji baridi ambaye asili yake si Afrika Mashariki. Samaki huyo aliletwa, na aliyemleta anajulikana kwa jina na mwaka. Ni Ewart Scott Grogan, Mwingereza aliyekufa mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 92.

Maisha yake yanafaa kusomwa na mkulima na mfanyabiashara mdogo kwa sababu mbili. Kwanza, yanaonyesha jinsi mtu mwenye mtaji mdogo na maneno mengi alivyopata ardhi, misitu na maji ya watu wengine. Pili, yanaonyesha kwamba kitu alicholeta kwa starehe ya wachache kilizaa kazi ambayo yeye mwenyewe hakuipanga. Sababu zote mbili zina somo kwetu tunaoishi chini ya milima ya Uluguru.

Kijana asiye na cheti

Grogan alizaliwa London tarehe 12 Desemba 1874, katika familia kubwa yenye asili ya Ireland. Baba yake alikuwa dalali wa nyumba na ardhi za matajiri, hivyo mtoto alikua akisikia habari za viwanja, mikataba na bei. Alipelekwa shule ya Winchester, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Kote alisumbua walimu, na Cambridge aliiacha bila shahada.

Mwaka 1896 alikwenda kusini mwa Afrika na kuingia katika vita vya Waingereza dhidi ya Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko aliugua sana. Alipopata nafuu alisafiri hadi New Zealand kwa rafiki yake wa chuo aliyeitwa Watt, na huko akampenda dada wa rafiki huyo, Gertrude Watt.

Baba mlezi wa binti hakuona mchumba wa maana. Kijana hakuwa na kazi, shahada wala mali. Ili kuonyesha kwamba naye ni mtu, Grogan aliahidi kusafiri kutoka Cape, kusini kabisa mwa Afrika, hadi Cairo, safari ambayo Mzungu hakuwa ameifanya kabla yake.

Safari ilianza mwaka 1898. Sehemu ya njia alikwenda kwa reli na mashua, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya miguu. Alipita Nyasa, akapanda hadi Ziwa Tanganyika, akafika Ujiji katika nchi yetu iliyokuwa wakati huo chini ya Wajerumani, kisha akaendelea Ziwa Kivu, Uganda na vinamasi vya Mto Nile. Mwenzake, Arthur Sharp, aliachana naye njiani. Mwaka 1900 alifika Cairo akiwa na miaka 25, na mwaka huohuo alimwoa Gertrude.

Aliandika kitabu na kuwa maarufu. Mizigo yake, hata hivyo, ilibebwa na wapagazi Waafrika, na umaarufu ule haukuwafikia. Katika kitabu hicho alitetea pia wazo la kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi kwa Wazungu. Fikra hiyo alifika nayo Kenya miaka minne baadaye.

Dalali wa Nairobi

Grogan alifika Nairobi mwaka 1904. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikitafuta walowezi. Mji wenyewe ulikuwa mabati na matope.

Alifanya alichokiona kwa baba yake. Aliungana na Mkanada wa biashara ya mbao aliyeitwa Lingham, wakaomba kibali cha kuvuna eneo kubwa la msitu kwenye nyanda za juu. Akatafuta ardhi Mombasa, mahali ambapo alitarajia meli zingehitaji gati. Akanunua Nairobi ardhi ya kinamasi kando ya mto, ambayo wengine waliiona haifai. Akajenga nyumba Chiromo, eneo ambalo leo lina kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mfanyabiashara wa vipuri anayesafiri kwenda Nairobi huenda analijua jina hili bila kumjua mwenye jina. Barabara ya Kirinyaga, yenye gereji na maduka ya vipuri, zamani iliitwa Barabara ya Grogan, na hata leo wenyeji huliita eneo lile Grogan. Kinamasi kilichodharauliwa kikawa soko.

Kwa mchumi, hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Grogan hakuwa na fedha nyingi. Alichokuwa nacho ni kuifikia serikali. Vibali vya msitu na ardhi vilitoka kwa maofisa wa lugha yake na rangi yake, na watu waliokuwa wakiitumia misitu hiyo kwa kuni, asali na malisho hawakuulizwa. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa karatasi yenye mhuri.

Mayai kutoka Scotland

Mwaka 1905 Grogan alileta trauti. Walitoka Loch Leven, ziwa la Scotland, na waliwekwa kwenye Mto Gura, unaoshuka kutoka milima ya Aberdare, ambayo leo inaitwa pia Nyandarua. Kwa Waingereza wa tabaka lake, kuvua trauti kwa nzi bandia ilikuwa starehe ya kiungwana. Waliona mito baridi, yenye mawe na maji meupe kama ya kwao, wakaona imepungukiwa na samaki mmoja tu.

Msomaji atajiuliza samaki wa Ulaya alivukaje bahari ya joto. Alivuka akiwa yai. Wataalamu wa karne ya 19 walikuwa wamegundua kwamba yai la trauti likihifadhiwa katika baridi linakua polepole. Mwaka 1864 mayai ya namna hii yalifikishwa salama Tasmania, kusini mwa Australia, yakiwa yamepangwa katika ukoka laini wa majini na kuzungukwa na barafu ndani ya meli. Njia hiyo ndiyo iliyosambaza trauti katika makoloni.

Hesabu yake ni rahisi. Katika maji ya nyuzijoto 10, yai la trauti wa kahawia huchukua siku 40 hivi kuanguliwa. Baridi ikizidi, siku huongezeka. Wakati mzuri wa kulisafirisha ni pale macho mawili meusi ya kiumbe yanapoanza kuonekana ndani ya yai, kwani kabla ya hapo mtikisiko mdogo unaliua. Anayesafirisha mayai ya kutotolesha vifaranga vya kuku kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani anajua uchungu wa jambo hili.

Trauti wa Gura waliishi na kuzaliana. Baadaye aina nyingine, yenye mstari wa rangi ubavuni, ililetwa kutoka Afrika Kusini, na mito mingi ya Aberdare na Mlima Kenya ikapandwa samaki. Mwaka 1948 kituo cha kutotolesha trauti kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri.

Lakini mito ile ilikuwa na wenyewe. Sheria za uvuvi wa trauti zilidai leseni, na katika mito mingi zilikataza chambo chochote isipokuwa nzi bandia. Mwana wa mkulima wa Kikuyu aliyekaa kando ya mto akitupa ndoano yenye mnyoo alikuwa mhalifu. Mlowezi aliyetoka Nairobi na fimbo yake ya uvuvi alikuwa mwanamichezo.

Bakora mbele ya mahakama

Hakuna uhalali wa kuandika maisha ya Grogan na kuruka mwezi Machi 1907. Wakati huo alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi. Wavuta riksho watatu wa Kikuyu walituhumiwa kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliowabeba. Grogan hakusubiri kesi. Aliwapeleka watu hao mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi, na huko akamchapa mmoja hadharani kwa mkono wake huku umati wa Wazungu ukitazama. Wenzake wakawachapa wale wengine.

Alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Aliporudi uraiani heshima yake miongoni mwa walowezi ilikuwa imepanda. Aliendelea kuwa msemaji wao kwa miongo mingi, pamoja na kuingia katika baraza la kutunga sheria.

Wapo wanaosema tumsifu kwa maendeleo na tusahau hayo. Mimi naona mambo hayo mawili hayatengani. Mkono ulioshika bakora ndio ulioshika vibali vya msitu, na mtu aliyeamini kwamba Mwafrika ni wa kuvuta riksho tu asingeweza kuona kwamba kidole cha Mwafrika ndicho kingeleta fedha kupitia samaki wake.

Nzi bandia ni nini hasa

Trauti anakula wadudu wa majini na wale wanaoangukia juu ya maji. Mdudu wa namna hiyo ni mwororo mno kuchomekwa kwenye ndoano. Ndiyo maana wavuvi wa Ulaya, tangu zamani sana, walianza kumwigiza kwa manyoya na nyuzi.

Kifaa cha kwanza ni jiliwa dogo, ambalo mafundi wengi huliita vaisi. Linashika ndoano iwe imara ili mikono yote miwili ifanye kazi. Fundi anaanza kwa kuzungusha uzi mwembamba wa hariri au nailoni kwenye shina la ndoano, kuanzia mbele kwenda nyuma, ili vitu vingine visiteleze. Nyuma anafunga mkia wa nyuzi chache za nyoya. Kisha anatengeneza mwili, kwa manyoya ya sungura yaliyosokotwa kwenye uzi au kwa nyuzi za nyoya la tausi. Wengine huzungusha juu yake waya mwembamba wa shaba ili mwili uwe na pingili kama za mdudu.

Mwisho linakuja nyoya la jogoo. Linafungwa karibu na tundu la ndoano, kisha linazungushwa mara tatu au nne mpaka ncha zake zisimame pande zote kama miguu ya mdudu. Uzi unafungwa fundo, unakatwa, na tone dogo la vanishi linawekwa kichwani. Kazi imekwisha.

Nzi hao ni wa makundi mawili makubwa. Kuna anayeelea, na huyu anahitaji nyoya gumu, jembamba na linalong'aa, lisilolowa upesi. Na kuna anayezama, ambaye nyoya lake huwa laini ili litikisike ndani ya maji kama kitu kilicho hai. Ndoano zenyewe zina namba, na namba ikiwa kubwa ndoano inakuwa ndogo. Namba 10 inaonekana vizuri kwa macho, namba 18 inahitaji mwanga mzuri na mkono usiotetemeka.

Wavuvi wa mito ya Kenya walipata nzi wao wenyewe pia. Mmoja wao, mweusi na wa kuzama, anaitwa Kenya Bug.

Kutoka starehe hadi ajira

Palipo na samaki wa kuvuliwa kwa nzi bandia tu, lazima pawe na nzi bandia. Kuagiza kila mmoja kutoka Uingereza ni ghali na ni kusubiri meli. Hivyo kazi ya kusuka ikaanza kufanyika Kenya kwenyewe, ikaingia mikononi mwa Waafrika, na baadaye soko likageuka. Nzi waliokuwa wakitoka Uingereza kuja Kenya wakaanza kutoka Kenya kwenda Uingereza. Kufikia mwishoni mwa karne ya 20, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zinazojulikana duniani kwa nzi waliosukwa kwa mkono. Kampuni ya Uingereza iitwayo Fulling Mill, kwa mfano, ina kiwanda chake nchini humo.

Kwa nini kazi hii ilishika? Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna mashine iliyoweza kuifanya vizuri. Nyoya moja halifanani na jingine, na ni vidole tu vinavyojua livutwe kiasi gani. Ya pili, mzigo ni mwepesi. Maelfu ya nzi wanaingia katika boksi moja la kubebwa mkononi, hivyo nauli ya ndege haimezi faida kama inavyofanya kwa mboga. Ya tatu, bidhaa haiozi. Mkulima wa nyanya anajua thamani ya sentensi hiyo.

Lakini biashara hii ina ubaya wake, na ni vizuri ukasemwa. Mafundi wengi hulipwa kwa idadi. Anayeumwa siku mbili hapati kitu. Majina na michoro ya nzi vinamilikiwa na wanunuzi wa nje, nao ndio wanaokaa karibu na mvuvi anayelipa bei ya mwisho. Ndoano bora zinatoka nje, kwa mfano Japani. Tena Kenya haiko peke yake sokoni, kwani Sri Lanka, Thailand na China nazo zinasuka.

Hata nyoya la jogoo lina siri. Nyoya bora la nzi wa kuelea linatoka kwa majogoo waliozalishwa kwa vizazi vingi, hasa Marekani, kwa ajili ya manyoya yao tu. Jogoo huyo anafugwa hadi karibu mwaka mzima ili manyoya ya shingo yarefuke, na ngozi yake ya shingo inauzwa kwa bei inayozidi nyama yake mara nyingi. Jogoo wetu wa kienyeji anafaa zaidi kwa nzi wa kuzama na kwa kujifunzia.

Miaka ya mwisho ya Grogan

Grogan aliendelea na miradi. Nairobi alijenga hoteli ya Torr's, iliyofunguliwa mwaka 1928 na kuwa mahali pa starehe pa walowezi. Ardhi yake ya Mombasa iliishia serikalini baada ya mabishano marefu. Kisha akahamia Taveta, mpakani mwa nchi yetu, akafungua mashamba makubwa ya mkonge, akachimba mifereji ya kumwagilia na kujenga juu ya kilima nyumba ambayo hadi leo inaitwa kasri la Grogan. Suala la ardhi ya Taveta limeendelea kuwasumbua wenyeji miaka mingi baada yake.

Mwaka 1943 Gertrude alifariki. Kwa kumbukumbu yake Grogan alitoa ardhi Muthaiga, Nairobi, na mwaka 1947 hospitali ya watoto yenye jina la Gertrude ikafunguliwa. Hospitali hiyo imekua na inaendelea kutibu watoto. Kati ya vitu vyote alivyoviacha kwa makusudi, huo ndio uliodumu kwa heshima.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Grogan, mzee aliyekuwa amezoea kuamua mambo ya nchi ile, aliondoka na kuhamia Afrika Kusini. Alifariki Cape Town tarehe 16 Agosti 1967, katika mji ule ule unaotazama Cape ya safari yake ya ujana.

Hesabu ya Mzinga

Sasa turudi nyumbani. Mto Mzinga unashuka kutoka Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea kwa maji. Mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Uluguru vinazidi mita 2,600. Kuna atakayesema: huko juu kuna baridi, tulete trauti nasi.

Ushauri wangu ni kwamba tusifanye hivyo. Trauti ni mlaji mkali. Milima ya Uluguru ina vyura na viumbe vingine ambavyo havipatikani mahali pengine popote duniani, na wengi wanategemea vijito hivyohivyo. Ukiingiza samaki hakuna wa kumtoa. Maji ya chini, kwenye mashamba yetu, yana joto mno kwa trauti, kwa hiyo mkulima wa Mzinga asingepata hata kitoweo.

Tena Waluguru wanajua gharama ya mpango ulioletwa bila wenyewe kuulizwa. Mwaka 1950 wakoloni walianzisha mpango wa kulazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Ulikuwa na nia ya kuzuia mmomonyoko, lakini ulilazimishwa, kazi ilikuwa nzito na mavuno hayakuonekana. Mwaka 1955 ghasia zililipuka Matombo, na mpango ukaachwa. Linganisha na mbuzi wa maziwa waliopelekwa Mgeta miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Sokoine na Norway. Hao walifugwa na kaya zenyewe, nao wakabaki.

Somo la kuchukua kutoka hadithi ya Grogan ni la upande wa pili wa samaki, yaani ufundi. Msukaji wa Nairobi hana mto, hana samaki, na wengi wao hawajawahi kuvua trauti. Ana jiliwa, mkasi, uzi na mikono iliyofundishwa. Mzinga nako kuna mikono. Akina mama wanaosuka mikeka na nywele tayari wana vidole vinavyojua mvuto wa uzi.

Lakini kabla kikundi hakijanunua hata ndoano moja, kipige hesabu. Tuseme anayejifunza anasuka nzi mmoja kwa dakika 10. Kwa saa 6 za kazi atapata nzi 36, yaani dazeni 3. Akifika dakika 5, anapata dazeni 6. Sasa tuseme mnunuzi anakataa mmoja katika kila sita, kwa sababu vanishi imeziba tundu la ndoano au manyoya yameinama upande. Dazeni 6 zimekuwa 5, na gharama ya dazeni ya sita imebaki kwa kikundi. Chukua bei ya dazeni tano, toa ndoano za dazeni zote sita, toa uzi, manyoya na nauli, kinachobaki gawa kwa saa 6. Hicho ndicho kipato cha saa moja. Kilinganishe na unachopata ukipalilia mchicha. Kama mchicha unalipa zaidi, endelea na mchicha.

Yapo mambo mengine matatu ya kuangalia. La kwanza, mnunuzi apatikane kabla ya mafunzo, na aoneshwe sampuli zinazofanana, kwani anachonunua ni kufanana. La pili, manyoya yatoke kwa ndege wa kufugwa. Biashara ya ndege pori na manyoya yao inabanwa na sheria za nchi na mkataba wa kimataifa wa CITES. La tatu, manyoya yanayovuka mipaka yanahitaji kusafishwa, kukaushwa na kuwa na cheti cha mifugo, kwa sababu ya magonjwa kama mafua ya ndege. Muulizeni ofisa mifugo mapema, msisubiri mzigo uzuiwe uwanja wa ndege.

Na kama nzi bandia hawatalipa Mzinga, kanuni ileile inafaa kwa kazi nyingine: bidhaa nyepesi, isiyooza, inayobeba ufundi mwingi na malighafi kidogo, yenye mnunuzi anayejulikana kabla ya kuanza.

Grogan alihesabu ekari, gati na magogo ya mbao. Kazi ya vidole hakuihesabu kabisa, na mwishowe hiyo ndiyo iliyomfikishia mtu wa kawaida shilingi kutokana na samaki wake. Siku nyingine mkichinja jogoo Mzinga, kabla hamjatupa manyoya, liteueni moja la shingo, mlishike kwenye mwanga, na mjiulize mnatupa nini.